Portebagaje ya Mume Wangu

Shirika lilipofunga ofisi yake hapa Bunia, wakubwa walipanda ndege, kompyuta zikaenda na wakubwa, viti vikaenda kwa marafiki wa wakubwa, na mume wangu akapewa kigari. Alikuwa amewafanyia kazi ya lojistiki kwa miaka mingi. Walimpa cheti cha shukrani, wakampigia makofi, kisha wakamwambia achukue kile kitu kilichobaki chini ya turubai nyuma ya jengo, maana hakuna aliyekuwa tayari kukisafirisha. Akakiendesha mpaka nyumbani mchana kweupe, mgongo umenyooka, na akapita njia ndefu kuliko ya kawaida ili asikose kuonekana.

Kwa mtu ambaye hajakiona, nieleze hivi. Kina magurudumu manne manene yenye meno kama ya trakta, viti viwili ubavu kwa ubavu, usukani, na mabomba ya chuma yaliyopindwa juu ya vichwa ili kikibinuka msipasuke mafuvu. Milango hakina. Kioo hakina. Nyuma kina kisanduku cha mizigo chenye ukubwa wa beseni ninaloogeshea watoto. Vijana wa taksi-moto, pikipiki za abiria, wa kona yetu walikizunguka, wakakigonga gonga, wakakipa jina siku ileile: Mifupa.

"Hii gari imekonda sana," mmoja alisema. "Muipeleke ku hopitali."

Huko shirikani kazi ya Mifupa ilikuwa kupigwa picha. Wageni walitoka mbali, wakakikalia wakiwa wamevaa vizibao vyenye mifuko mingi, wakatazama mbele kwa macho makali kana kwamba mbele yao kuna mto wa kuvuka. Picha ikishapigwa, walishuka, wakapanda gari kubwa lenye kiyoyozi, wakaenda kula samaki. Kigari kikaoshwa na kufunikwa. Mume wangu ananisimulia haya kwa fahari, mimi nikimwangalia tu.

Mimi ni mwanamke wa soko. Ninauza makemba, zile ndizi ndefu za kupika, na vijana wa moto ndio huniletea kutoka Marabo, mikungu imefungwa mpaka humwoni dereva, unaona shamba linatembea. Wakianguka, makemba yanafika yamepondeka na mimi ndiye wa kutukanwa na wateja. Kwa hiyo nilipokiona kigari nilifikiri jambo moja tu.

"Papa," nilimwambia mume wangu, "weka portebagaje juu ya hii kitu, ibebe makemba yangu."

Portebagaje ni ile chanja ya chuma ya kubebea mizigo, kama iliyo juu ya mabasi. Si kitu cha ajabu. Ng'ambo ya barabara yetu kuna fundi wa kuchomelea, na ningemwita mimi mwenyewe angemaliza kabla maharagwe hayajaiva.

Mume wangu akaitisha mkutano.

Tulihudhuria mimi, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, na jirani aliyekuwa amekuja kuchaji simu yake akakosa namna ya kuondoka. Mume wangu alibandika karatasi kubwa ukutani, akafungua kalamu, akatutazama mmoja mmoja.

"Tuanze na evalyasyo ya mahitaji," akasema. "Benefisieri iko nani?"

Evalyasyo ni tathmini; benefisieri, katika lugha ya mashirika, ni yule anayesaidiwa na anayepaswa kushukuru. Nikanyoosha kidole.

"Ni miye."

"Apana, usiseme ni miye. Sema: mama wa soko mwenye matatizo ya transpore."

"Bo. Mama wa soko mwenye matatizo ya transpore iko na sufuria ku moto. Tumalize."

Hatukumaliza. Tuliendelea siku iliyofuata, jirani hakurudi tena na simu yake, na mwisho ikaamuliwa na mume wangu peke yake kwamba fundi wa ng'ambo hafai, kwa sababu angefanya kazi bila kuelewa wazo lenyewe. Yeye mwenyewe ndiye angejenga. Alikuwa ametazama kwenye simu video za wazungu wenye ndevu waliokaa porini na vigari kama hivi, wakijitengenezea chanja za mizigo huku wakipiga miluzi. Alinionyesha. "Ona, iko rahisi." Nikaona. Mzungu alikuwa na karakana kubwa kuliko kanisa letu, mashine ya kukata, mashine ya kupinda, mashine ya kutoboa, na mbwa aliyevaa koti. Naam, ilionekana rahisi.

Vyuma vingetoka wapi? Mume wangu alizunguka nyumba nzima akigonga kila kitu kwa kucha, mpaka akafika chumba cha mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa ameenda Komanda kumtembelea mwanawe mdogo, na kitanda chake kilikuwa pale: kitanda cha chuma cha zamani, mabomba mazito, cha aina ambayo siku hizi haitengenezwi tena.

"Hii kifaa imelala bila kazi," akasema.

"Papa, ni kitanda. Kulala njo kazi yake."

Lakini alikuwa ameshashika msumeno.

Aliazima mashine ya kuchomelea kwa fundi yuleyule asiyefaa. Fundi alimpa na kofia ya kukinga macho, akamwambia asithubutu kuchomelea bila hiyo. Mume wangu akaona kofia ni chafu. Akavaa miwani ya jua ambayo mgeni mmoja wa shirika aliisahau mezani. Siku nzima cheche ziliruka uani kwetu, umeme wa jirani zetu ukapungua nguvu, redio zao zikakoroma. Kufika jioni macho yake yalikuwa yamevimba kama maandazi na machozi yanamtoka bila kukoma. Nikamkatia viazi vibichi nikamwekea juu ya kope. Akalala chali kwenye mkeka na vipande vyake vya viazi usoni, na kutoka hapo chini akaendelea kunipa maelezo ya hatua zinazofuata.

Kazi ilipoisha, akaipaka chanja rangi nyeupe iliyobaki shirikani. Kwa mbali ilipendeza. Ukikaribia uliona viungo vilivyochomelewa, vimejikusanya vidonge vidonge kama mavi ya mbuzi. Na namna yoyote uliyosimama, uliona kitanda. Kitanda cheupe kimepanda gari.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye mteremko ulio mbele ya kanisa. Mume wangu alijaza magunia ya mchanga, yote upande wa nyuma, maana chanja ilikuwa imekaa nyuma. Akapandisha mlima. Katikati ya mteremko kigari kikainua magurudumu ya mbele taratibu, kama mtu anayenyoosha mikono baada ya usingizi, kikakalia makalio yake kama mbwa, kikatulia hapo. Misa ilikuwa inatoka. Waimbaji wote, na kanzu zao, wakasimama kumwangalia mume wangu ameketi ndani, ameshika usukani, uso umeelekea mbinguni.

Katekista akamsogelea kwa upole. "Papa, uko nasali?"

"Ni majaribio," mume wangu akajibu, bila kugeuza shingo.

Nimpe haki yake: hakukata tamaa. Mwanamume mwingine angeuza vile vyuma kwa fundi wa masufuria. Yeye alikata kila alichokuwa amechomelea, akaisogeza chanja mbele mpaka ikakaa juu ya vichwa vyetu, akaiongezea miguu minne ya kushika fremu ya kigari, akaikaza kwa bolti nene. Safari hii alivaa ile kofia chafu.

Alikuwa bado anakaza bolti ya mwisho mama mkwe aliporudi kutoka Komanda. Alitusalimu, akaingia chumbani kwake, akatoka.

"Kitanda yangu iko wapi?"

 Macho ya mume wangu yakamponyoka, yakaangalia kigari, na mama mkwe akayafuata.

"Ile njo kitanda yangu?"

"Mama, sasa ni portebagaje."

"Nilikuzala weye juu ya kile kitanda."

"Njo vile, mama. Lakini sasa itasaidia watu mingi."

"Ilisha kusaidia weye. Angalia matokeo." Akanigeukia mimi. "Mukwe wangu, anitafutie ingine. Ya mbao. Mbao haichomelewi."

Wakati tunangoja ya mbao, mama mkwe alilala nami kitandani kwetu na mume wangu akalala kwenye mkeka, mahali alipokwisha kupazoea wakati wa viazi.

Siku tuliyoenda Marabo kuchukua makemba, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Kwenye kizuizi cha kwanza baada ya kutoka mjini, mwanajeshi mmoja alitusimamisha, akakizunguka kigari bila haraka.

"Hii ni moto ao ni gari?"

"Ni gari ya kupita kila fasi, shefu," mume wangu akasema.

"Kama ni gari, milango iko wapi?" Akainua macho. "Na kile kitanda ni ya nani?"

Mume wangu akafikiri kidogo, nadhani alikuwa anatafuta maneno makubwa, kisha akashindwa. "Ya mama yangu."

Mwanajeshi alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. Akashusha kamba, tukapita.

Kabla tu ya kufika Marabo tukakuta njia imeziba. Lori la saruji lilikuwa limezama kwenye matope katikati ya barabara, limezama mpaka kwenye milango, na nyuma yake yamepangana malori mengine, mabasi madogo, na watu ambao walishakubali hali yao. Wanawake walikuwa wameanza kuuza mahindi ya kuchoma. Mahali ambapo watu wa huku wanauza mahindi ya kuchoma, ujue barabara imekufa muda mrefu. Vijana wa moto peke yao ndio waliokuwa wakipita pembeni, kwenye majani. Mume wangu akawasha, akaanza kuwafuata kwa pembeni, na hapo mtu mmoja akatusimamisha.

Alikuwa amevaa suti nyeusi, matope mpaka magotini.

"Papa, mutusamehe," akasema. "Muzee wetu iko kule juu. Tuko hapa tangu jana."

Tukatazama alikoonyesha. Juu ya lori mojawapo, kati ya kreti za bia na mabati, kulikuwa na jeneza limefungwa kwa kamba na kufunikwa plastiki. Chini yake, kwenye kivuli cha gurudumu, alikaa mwanamke mzee na kitenge kichwani. Ndiye mjane. Walikuwa wanampeleka mume wake kumzika Marabo, kwenye shamba la baba zake, na kaburi lilikwisha kuchimbwa. Walijaribu taksi-moto, yule mwenye suti alisema, lakini jeneza lilitaka kuanguka na mama yao akapiga kelele mpaka wakaacha.

Mume wangu akakohoa. Nikajua kikohozi hicho. Ni kile cha kufungulia mikutano.

"Tunasikitika sana," akaanza. "Lakini hii gari ilipangwa kwa kazi ya..." Akanitazama. "Ya makemba."

"Makemba iko bado ku shamba," nikasema. "Haina haraka. Mwenye kuchelewa ni ule muzee."

Akaniinamia sikioni. "Tulipaswa kufanya evalyasyo kwanza."

"Evalyasyo ya nini? Alisha kufa. Shuka, ufungue kamba."

Akashuka.

Wanaume wakalishusha jeneza kutoka lorini, wakaliinua juu ya portebagaje, na likaingia. Liliingia kati ya vyuma vya kushoto na vya kulia bila nafasi ya kupitisha kidole, kana kwamba mume wangu alikuwa amempima marehemu mwenyewe kabla ya kukata chuma. Watu wakanong'ona. Yule mwenye suti akamwangalia mume wangu kwa heshima iliyochanganyika na hofu. Kwangu haikuwa ajabu: kitanda ni kitanda, na mtu aliyelala ni mtu aliyelala.

Mjane akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikavua viatu, nikatembea nyuma na waombolezaji. Kigari kiliacha barabara, kikaingia kwenye majani marefu, kikashuka kibondeni huku kimeinama upande mmoja, na sote tulikuwa tunatazama vile vidonge vya mavi ya mbuzi. Vilishika. Kikapanda upande wa pili, meno ya magurudumu yakirusha udongo kwenye nguo zetu nzuri, kikatokea mbele ya lori la saruji, na watu wa malori wakasimama wote bila kuambiwa. Nilimwona mume wangu kwa nyuma, shingo imelowa jasho, hasemi neno. Hajawahi kunyamaza kiasi kile tangu nimjue.

Kwenye kizuizi cha karibu na Marabo, hakuna aliyeuliza kama ni moto au gari. Wanajeshi walivua kofia, kamba ikalala chini. Mimi ninapita kizuizi kile tangu nianze biashara, nimekipita na mimba, nimekipita na mtoto mwenye homa mgongoni, na sikuwahi kukiona kikifunguka bila mazungumzo. Kumbe inatosha kufa.

Tulimzika mzee mchana uleule. Baadaye tukapewa chakula, na mjane akaja pale tulipokaa. Akamshika mume wangu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Alilala muzuri mu njia," akasema. "Nilikuwa naangalia. Hakutikisika."

Mume wangu akaitika, akainuka, akaenda nyuma ya migomba. Alipokawia nikamfuata. Alikuwa anajifuta macho na mkono wa shati.

"Kule ofisi walinipatia cheti," akasema. "Hakuna mutu alinishika mukono."

Nilikuwa na jibu tayari ulimini, jibu kali na zuri. Nikalimeza. Lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka tulipomaliza kupakia makemba.

Makemba yalifika Bunia mazima, hata moja halikupondeka. Sijawahi kupanga mezani makemba mazuri vile. Lakini vijana wa moto walikuwa wametutangulia, na vijana wa moto hawajawahi kubeba habari wakaiacha njiani. Mteja wangu wa siku zote alikuja, akainama, hakugusa.

"Mama, haya makemba yalikuja na nini?"

"Na gari."

"Gari gani?"

"Yenye magurudumu."

Akacheka, akaenda meza ya jirani. Wote wakaenda meza ya jirani. Nyumbani tukala makemba ya kuchemsha, ya kukaanga, ya kuchoma, na ya kuponda, na kila sahani ilipowekwa mama mkwe aliuliza kama marehemu ameshaonjeshwa.

Wakati mimi ninakosa wateja, mume wangu alianza kuwapata. Familia ya kwanza ilikuja wiki ileile, wanataka kufika kijiji ambacho gari halifiki. Kisha nyingine. Sasa ana koti jeusi. Kigari ameking'arisha, ameweka maua ya plastiki kwenye pembe za portebagaje na pazia la rangi ya zambarau pembeni. Marehemu hamwiti marehemu, anamwita musafiri. Mfanyabiashara mmoja alikuja kumnong'oneza kwamba jeneza linaweza kujazwa vitenge na kupita vizuizi vyote bila maneno. Mume wangu alimfukuza uani na spana mkononi, na siku hiyo nilimpikia nyama. Mikutano bado anafanya. Anawakalisha wafiwa chini, anafungua kalamu, anawauliza mahitaji yao, na wao, kwa kuwa wamelia mpaka wamechoka, wanamjibu.

Makemba yangu yamerudi kwa vijana wa moto na kupondeka kwake. Mwenye makemba hupumzika msimu ukiisha. Kwa jimbo letu hili la vita, mume wangu hapumziki, na hilo halinichekeshi hata kidogo. Kuna wiki anarudi, anakiosha kigari kimyakimya, anaingia ndani bila kuuliza chakula, nami simtanii.

Juzi alikuja mzee mmoja kutoka mtaa wa pili, peke yake, na fimbo yake. Mume wangu akadhani ameleta habari ya msiba, akavaa koti. Mzee hakuketi. Alikizunguka kigari, akaikandamiza portebagaje kwa kiganja, akachungulia chini yake.

"Mutu anaenda kichwa mbele ao miguu mbele?"

"Miguu mbele, muzee. Sababu ya uzito."

"Miye nataka kichwa mbele. Nione fasi naenda."

Mume wangu akatoa kalamu, akaandika.

"Na uweke kivuli," mzee akaendelea. "Jua ya ile njia ni kali. Inaenda mbio sana?"

"Apana, muzee. Pole pole."

"Njo muzuri. Sina haraka."

Nikamletea kiti na chai. Akanywa, akaomba sukari zaidi, akasifu maua ya plastiki, akakataa pazia: rangi hiyo, alisema, ni ya wanawake. Alipomaliza akasimama, akatuaga vizuri. Mume wangu akamsindikiza mpaka barabarani, na kwa adabu zake zote akamwambia, "Karibu sana, muzee. Wakati wowote."

Kisha akasikia alichokisema. Akabaki ameganda na mkono hewani. Mimi nilikuwa nimeshaketi chini kwa kicheko, na huko barabarani mzee naye alikuwa ameegemea fimbo, mabega yanamtikisika.